Shoka la Kariandusi na Kiolezo cha Ramani

Barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Nakuru, ikishaupita mji wa Gilgil, huteremka polepole hadi pale Ziwa Elmenteita linapojitandaza. Karibu na mteremko huo ndipo penye Kariandusi. Msafiri apitaye kwa haraka huona machimbo ya diatomaiti tu, ule udongo mweupe mfano wa chaki, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini vilivyokufa na kutuama chini ya ziwa la kale. Mwenyeji hujua kwamba jirani ya weupe huo pana mahali pengine palipochimbwa kwa sababu tofauti kabisa. Huko ndiko Louis Leakey na wenzake walikogundua, kuanzia mwaka 1928, mashoka ya mkono yaliyochongwa na binadamu wa kale yapata miaka laki saba hadi milioni moja iliyopita. Mengi ni ya lava. Mengine ni ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo cha chupa.

Msichana mmoja aliyekulia karibu na hapo aliyaona mashoka hayo kwa mara ya kwanza alipokuwa katika darasa la tano. Mzee aliyewatembeza wanafunzi aliwasimamisha ukingoni mwa shimo lililohifadhiwa, mawe yakiwa yamelala papo hapo yalipofukuliwa. Wenzake walistaajabia umri wa mawe. Yeye alistaajabia kufanana kwao. Karibu yote yalikuwa na umbo la tone la maji: ncha upande mmoja, tako pana upande wa pili.

"Mzee, nani aliwafundisha wote umbo moja?" aliuliza.

Mzee alicheka, akajibu, "Mwanangu, hakuna aliyeanza na jiwe tupu. Kila mmoja alikuwa na shoka la mwenzake mbele ya macho yake."

Jibu hilo lilimwingia moyoni, likakaa humo kwa miaka mingi bila ya kufanya kazi yoyote, kama mbegu iliyosahauliwa kapuni.

Wakati ulipowadia alijiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia. Huo ni mchanganyiko unaofahamika vyema miongoni mwa wanafunzi wa Kenya, lakini aghalabu masomo hayo mawili huishi kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Asubuhi msichana alichambua ngeli na viambishi. Alasiri alisoma kontua na vipimo vya ramani. Wala hapana aliyemwambia kwamba siku moja ya asubuhi yatahitajiwa na ya alasiri. Katika mwaka wake wa tatu, somo la mifumo ya taarifa za kijiografia lilimkutanisha na QGIS, programu huria ya kuchora na kuchanganua ramani, ambayo iliasisiwa na Gary Sherman mwaka 2002 na haimdai mtumiaji hata senti moja.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi: kila mwanafunzi aitafute sehemu ya kwao na kuichorea ramani. Msichana aliandika "Elmenteita" katika kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, asipate kitu. Alidhani data ina kasoro. Baadaye aligundua kwamba tabaka alilopewa lilikuwa na "Elementaita", tahajia ile ile iliyotumiwa na UNESCO mwaka 2011 ilipoliingiza ziwa hilo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na maziwa ya Nakuru na Bogoria. Mwanadamu aionapo tofauti hiyo huikadiria na kuendelea na safari yake. Tarakilishi haikadirii. Herufi moja ikizidi, ziwa zima hukauka.

Likizo ilipofika alimsimulia nyanyake kisa hicho, akitarajia kwamba watacheka pamoja. Nyanya hakucheka.

"Yote mawili hayo ni masikio ya watu, mjukuu wangu," alisema. "Wachungaji wa Kimaasai waliokuwa wakipitisha ng'ombe hapa nilipokuwa kigoli walisema Muteita. Maana yake ni mahali pa vumbi. Wewe mwenyewe unajua Januari ikifika hapa huwaje."

Usiku huo msichana alianza kuyatazama majina ya kwao kwa jicho jipya. Naivasha limetokana na neno la Kimaasai Nai'posha, linaloeleza maji yanayochafuka kwa mawimbi. Nakuru nalo hunasibishwa na vumbi katika lugha hiyo hiyo. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Wenye majina waliondoka, majina yakabaki nyuma, yakaandikwa na watu ambao hawakuyasikia vizuri. Ramani zikachapishwa, watoto wakafundishwa, na makosa ya sikio la karani yakageuka kuwa usahihi wa kitabu.

Hapo ndipo lilipomzukia wazo la kutengeneza chombo kidogo ndani ya QGIS, ambacho mtu angekiandikia jina lolote la mahali, kwa tahajia yoyote na kwa lugha yoyote, nacho kikampeleka mahali penyewe na kumwonyesha majina mengine yote ya pale. Chombo cha namna hiyo huitwa programu-jalizi. Neno lenyewe lilimpendeza. Kujaliza ni kujaza hadi pomoni. Na programu-jalizi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kubwa ili kuijaliza pale ilipopungukiwa.

Kupendezwa na neno ni jambo moja, kuitengeneza yenyewe ni jambo jingine. QGIS hukubali programu-jalizi zilizoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo msichana alikuwa amejifunza mambo yake ya mwanzo tu. Alifungua faili tupu, akaanza. Kwa muda wa majuma matatu aliandika na kufuta. Programu yake haikuonekana hata katika orodha, kwa sababu hakuwa amejua kwamba ni lazima iandamane na faili iitwayo metadata.txt, ambayo ndiyo huitambulisha kwa QGIS kama hati ya kuzaliwa. Alipoiweka, programu ikaonekana lakini ikakataa kuwashwa. Aliporekebisha hilo, iliwashwa bila ya kitufe. Mwishoni mwa juma la tatu alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumwomba msimamizi wake ruhusa ya kubadilisha mada.

Aliyemzuia ni mwenzake wa bweni, msichana wa idara ya sayansi ya tarakilishi, aliyeitazama ile barua kisha akaitazama ile faili.

"Dada," alimwambia, "mfinyanzi haumbi udongo. Kwa nini wewe unataka kuuumba? Anza na kiolezo."

Kiolezo hutokana na kitenzi kuoleza, yaani kufuatisha mfano. Fundi cherehani ana violezo vya karatasi anavyovilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Wasanidi wa programu nao wana vyao. Kwa upande wa QGIS, kinachojulikana zaidi ni Plugin Builder, ambacho chenyewe ni programu-jalizi inayozaa programu-jalizi nyingine. Humpa mtumiaji fomu ya kujaza: jina la darasa, jina la programu, maelezo mafupi, nambari ya toleo, toleo la chini kabisa la QGIS litakaloweza kuiendesha, jina la mwandishi na anwani yake. Kisha humtaka achague aina ya kiolezo: kitufe chenye kisanduku cha mazungumzo, kitufe chenye paneli inayoegemea ukingoni mwa dirisha, au programu ya kuongezwa katika zana za uchakataji. Msichana alichagua ya kwanza. Darasa aliliita MajinaYetu. Alibonyeza, na kufumba na kufumbua folda nzima ikazaliwa.

Aliifungua kwa woga. Mlikuwa na faili ya kuanzisha, yenye kitendaji kimoja tu kinachoikabidhi programu mikononi mwa QGIS. Mlikuwa na ile metadata.txt iliyomtesa, safari hii ikiwa imejazwa tayari. Mlikuwa na faili ya sura ya kisanduku, picha ya nembo, folda ya majaribio, folda ya tafsiri, na faili kuu ya msimbo. Katika faili hiyo kuu alitambua sehemu tatu. Ya kwanza, initGui, huitwa programu inapowashwa, nayo huweka kitufe na kuongeza jina katika menyu. Ya pili, unload, huviondoa vyote programu inapozimwa, kama mgeni mwema anayekunja mkeka alioulalia. Ya tatu, run, ndiyo hufanya kazi mtumiaji anapobonyeza kitufe.

Aliifuata run hadi mwisho wake. Hapo, baada ya mstari unaopima iwapo mtumiaji amekubali, aliyetengeneza kiolezo alikuwa ameacha maelezo ya kumwambia msanidi afanye jambo la manufaa mahali hapo, aufute mstari wenye neno pass, na aweke msimbo wake badala yake. Katika Python, pass ni amri ya kutofanya chochote. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imejengwa, milango ikatiwa, taa zikawashwa, na katikati yake pakaachwa chumba kimoja kitupu. Alicheka peke yake chumbani. Barua ya kubadilisha mada aliichana.

Baada ya siku kumi na mbili alikuwa na programu iliyoweza kusoma jedwali la majina na kuisogeza ramani hadi mahali palipotajwa. Alimpelekea msimamizi wake. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa fasihi kuliko mashine, naye aliuliza swali ambalo mtu wa mashine huenda asingeliuliza.

"Folda hii ina faili nyingi. Ngapi umeziandika wewe?"

"Moja na nusu, Mwalimu."

"Basi kazi hii ni ya nani?"

Msichana hakuwa na jibu. Chuoni, kunakili kazi ya mwingine ni kosa la kumrudisha mtu nyumbani, na kwa kweli alikuwa ameikabili kazi ile kwa hofu ya kimyakimya tangu siku folda ilipozaliwa. Alirejea bwenini akajitosa katika marudio ya mtihani wa ushairi ili asahau. Huko ndiko swali lilikomfuata.

Mbele yake palikuwa na maelezo juu ya arudhi. Tarbia ina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo kwa kawaida una mizani kumi na sita, minane katika ukwapi na minane katika utao, na vina hupangwa kwa utaratibu unaojulikana. Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za namna hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1954, lakini malenga walikuwa wakizitumia karne nyingi kabla yake. Je, nani amewahi kumshtaki malenga kwamba ameiba tarbia? Umbo ni la wote, nalo lilikuwepo kabla hajazaliwa. Hata wale waliolikataa walilikataa wakiwa wamelishika mkononi. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 na kuzua mjadala mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, kila upande ulijua vyema ni kiolezo gani kinachobishaniwa. Asiyekijua kiolezo hawezi kukifuata, wala hawezi kukivunja.

Ndipo alipoyakumbuka mawe ya nyumbani. J. A. J. Gowlett na R. H. Crompton, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1994, waliyapima mashoka ya Kariandusi ili kujua jinsi uwiano wa sehemu zake unavyobadilika shoka linapokuwa kubwa au dogo. Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa shoka kubwa si shoka dogo lililokuzwa tu. Unene ukiongezwa sawasawa na urefu, jiwe litakuwa zito mno kwa mkono. Tena obsidiani hupasuka kwa namna yake na lava kwa namna yake. Mchongaji alilibeba umbo akilini, lakini kila jiwe lilimlazimisha kuamua upya. Mfano ulimwambia aelekee wapi. Pigo la kila mara lilikuwa lake mwenyewe.

Kesho yake alirudi ofisini. "Mwalimu," alisema, "bahari si yangu. Shairi ni langu."

Mwalimu alitabasamu, ila hakumwachilia. "Vyema. Lakini malenga aliyekomaa huijua pia bahari inapombana. Hebu nenda uzisome hizo faili ambazo hukuziandika, kisha uniambie zinakubana wapi."

Hilo hakuwa amelifanya. Kama wengi watumiao violezo, alikuwa ameishi ndani ya nyumba bila ya kuingia ghalani. Alianza kuzisoma faili moja baada ya nyingine, na katika folda ya majaribio akakuta jambo lililomfanya asogeze kiti. Palikuwa na jaribio dogo la kuthibitisha kwamba tafsiri zinafanya kazi. Jaribio hilo lilichukua salamu ya asubuhi ya Kiingereza na kutarajia kurudishiwa maneno mawili: Goeie more.

Hayakuwa ya Kifaransa wala ya Kijerumani. Yalikuwa ya Kiafrikana. Jamii ya wasanidi wa QGIS ina watu wa Afrika Kusini waliochangia mengi, na bila shaka mmojawapo, alipohitaji lugha ya mfano, hakwenda mbali: aliweka salamu ya kwao. Tangu hapo kila programu-jalizi iliyozaliwa kutokana na kiolezo hicho, iwe ya msanidi wa Japani au wa Brazili, imekuja ulimwenguni na salamu hiyo mfukoni. Msichana aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Alikuwa akiamini kwamba kiolezo hakina kwao. Sasa aliona kwamba kila kiolezo kina aliyekichonga, na aliyekichonga huacha humo harufu ya jikoni kwake.

Katika faili nyingine palikuwa na orodha ya lugha za kutafsiriwa. Orodha ilikuwa tupu, na juu yake mstari wa maelezo ulitoa Kiafrikana kama mfano. Aliandika sw. Akatengeneza faili ya tafsiri, na kwa jaribio la kwanza akaweka "Habari za asubuhi". Aliigeuza lugha ya tarakilishi yake iwe Kiswahili, akaiwasha QGIS kwa shangwe. Kisanduku kilifunguka kikiwa na Kiingereza kitupu.

Siku mbili zilipotea hapo. Hapakuwa na onyo wala taarifa ya kosa, na kosa lisilopiga kelele ndilo gumu kuliko yote. Hatimaye aligundua kwamba sehemu mbili za kiolezo kile kile hazikubaliani. Jaribio hutumia faili iliyobeba ufupisho wa lugha peke yake, ilhali msimbo mkuu huitafuta faili iliyotangulizwa jina la darasa. Alipoipa faili yake jina MajinaYetu_sw, Kiswahili kilijitokeza mara moja. Hilo nalo lilikuwa funzo. Aliyerithi shoka hurithi pia nyufa zake, na nyufa hizo hazionekani mpaka uanze kukata kitu ambacho mwenye shoka hakukikusudia.

Kutafsiri kwenyewe hakukuwa lelemama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuonyesha kwamba maneno ya tarakilishi yanaweza kusemwa kwa Kiswahili bila ya kuona haya. Kwa hiyo "ghairi" na "hifadhi" aliyapata yakiwa tayari. Ya ramani yalimtoa jasho. Wenzake wa idara ya Kiswahili walibishana naye jioni nzima: mmoja alitaka "tabaka", mwingine akasema neno hilo limeshachukuliwa na wahakiki wa fasihi. "Tabaka" lilishinda kwa kura moja.

Katikati ya ubishi huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliuliza swali ambalo hakuna mkubwa wake aliyekuwa amelifikiria: "Kwani ni lazima tuanze na Kiingereza ndipo tutafsiri?" Msichana aliurudia msimbo. Kitendaji cha tafsiri hakijui Kiingereza ni nini. Hupokea maneno yoyote, hutafuta yanayolingana nayo katika faili ya tafsiri, na yasipopatikana huyaacha yalivyo. Ni mazoea tu yaliyokifanya Kiingereza kuwa mzizi. Usiku huo aligeuza mambo: maneno ya Kiswahili yakawa ndiyo msingi wa programu, na Kiingereza kikawa tafsiri. Metadata aliiacha kwa Kiingereza ili watu wa mbali waweze kuipata kazi yake. Lakini ndani ya nyumba mwenye nyumba alikuwa amebadilika.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, na kiolezo hakikuwa na neno juu yake. Mahali pakiwa na majina manne, lipi lionekane la kwanza? Mwanzoni alilichukulia kuwa jambo la mpangilio tu, akaliweka la Kimaasai juu kwa sababu ni la kale. Rafiki yake mmoja, ambaye familia yake ilifukuzwa kwao wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, aliitazama orodha hiyo akanyamaza. Katika ghasia hizo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya, na Nakuru na Naivasha ni miongoni mwa miji iliyoumizwa sana. Watoto wa wakati huo walijifunza mapema kwamba katika Bonde la Ufa jina la mahali linaweza kusomwa kama hati ya shamba.

"Ukiliweka moja juu," rafiki huyo alisema hatimaye, "kuna mtu umempa ardhi na kuna mtu umemfukuza. Mimi najua wewe hukukusudia. Atakayelisoma hatajua."

Msichana alikosa usingizi. Kuyaacha majina ya Kimaasai yafifie kungekuwa kuurudia mwaka 1904 kwa kalamu. Kuyatanguliza daima kungeweza kutiwa maana ambayo nyanyake, Mkikuyu aliyefanya vibarua katika mashamba ya walowezi na kuzika watoto wawili katika udongo huo mweupe, asingeielewa. Uamuzi aliofikia ulikuwa wa unyenyekevu. Jina ambalo mtumiaji ameliandika ndilo lingetangulia, maana ndilo analolijua, na mengine yangefuata kwa alfabeti, hakuna la kwanza wala la mwisho kwa cheo. Kando ya kila jina pangekuwa na lugha yake, aina ya mtu aliyelitaja, yaani mchungaji, mkulima au ramani ya serikali, na mwaka liliponakiliwa. Mistari hiyo yote aliiandika pale pale palipokuwa na neno pass.

Mwisho wa muhula alirejea nyumbani na kipakatalishi mkobani. Nyanya alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Msichana aliweka kipakatalishi juu ya kigoda, akafungua ramani ya Bonde la Ufa.

"Nitajie jina, nyanya."

"Lipi?"

"Lile la vumbi."

Nyanya alilitaja, msichana akaliandika. Ramani iliteleza kutoka Nairobi, ikapita Naivasha, ikapita Gilgil, ikatulia juu ya ziwa. Kisanduku kikaonyesha Muteita, na chini yake Elementaita na Elmenteita. Nyanya aliinama akatazama kwa muda. Hakujua kusoma, lakini umbo la ziwa alilitambua.

"Na kile kijito?" aliuliza. "Kile tulichokuwa tukiteka maji kabla ya mifereji. Kiko wapi?"

Msichana alikikuza. Kijito kilikuwepo, mstari mwembamba wa buluu usio na jina. Alimuuliza kiliitwaje. Nyanya alitamka neno ambalo mjukuu wake hakuwa amelisikia maishani mwake. Msichana aliandika. Alilisoma kwa sauti, na nyanya akatikisa kichwa. Alifuta, akaandika tena, akasoma tena.

"Sivyo," nyanya alisema. "Unalivunja katikati. Sikiliza."

Hapo msichana alielewa kwa nini karani wa zamani alikosea. Sasa yeye ndiye aliyekuwa karani: alikuwa na kalamu, alikuwa na haraka, na alikuwa na sikio lililofundishwa sauti za lugha nyingine. Tofauti ni kwamba mwenye jina alikuwa bado ameketi mbele yake, akimsahihisha. Aliongeza safu moja katika jedwali, ya kuonyesha majina ambayo tahajia yake bado haijathibitishwa, kisha akakifunga kipakatalishi ili mikono yake isimharakishe.

Wanafunzi wa Kiswahili huambiwa mara nyingi kwamba lugha yao imechelewa katika ulimwengu wa tarakilishi, na kwamba wangoje wataalamu waje waiingize. Kisa hiki chaonyesha vingine. Sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu imekwisha kufanywa na kutolewa bure kwa yeyote, na palipoachwa patupu hapahitaji sana ujuzi wa mashine. Panahitaji mtu ajuaye kuuliza jina, kulisikiliza, kulipima na kulitafutia mahali pake baina ya majina mengine. Hiyo ndiyo kazi waliyosomea.

Jioni ile jua liliposhuka nyuma ya ziwa, maharagwe yalikuwa hayajamalizika kuchambuliwa. Nyanya alitamka, mjukuu akarudia. Alipolipata, nyanya hakumsifu. Alimwambia tu ataje tena, asije akalisahau asubuhi.